Pointi sita za taka: somo la Mathare kwa klabu zetu za Pwani

Uchaguzi wa 2027 haujafika, lakini jezi zake zimeshafika. Pita jioni kwenye viwanja vya Kisauni, Likoni na Changamwe utaziona: mpya, za rangi kali, na kifuani pameandikwa jina la mtu asiyejua hata kupiga danadana. Mheshimiwa, au anayetaka kuitwa mheshimiwa, amekuja na mipira miwili na seti ya jezi, amepigwa picha na nahodha, kisha amekwenda zake. Vijana wamefurahi, na sina la kuwalaumu. Mpira hauchezwi kwa dua peke yake. Ila kuna swali ambalo siku ya picha haliulizwi: timu hiyo iliyopewa jezi, yenyewe inaupa mtaa wake nini?

Nauliza kwa sababu katika nchi hii hii pana mahali ambapo swali hilo lilijibiwa zamani, tena na watoto. Ni Mathare, upande wa Eastlands, Nairobi. Sisi watu wa Pwani tukisikia Mathare tunafikiria chang'aa, mabati na mapanga. Hayo yapo, siyakatai. Lakini Mathare pia ndiko kulikozaliwa mojawapo ya harakati kubwa za vijana za michezo na huduma kwa jamii katika bara hili, na kanuni yake ni nyepesi kiasi kwamba hata ligi ya mtaa usio na ofisi yaweza kuitumia kuanzia wikendi ijayo. Wakati huu ambapo kila chama cha siasa kinawataka vijana, nimeona ni vyema tuitazame kwa makini.

Ilianza mwaka 1987. Bob Munro, raia wa Canada aliyekuwa akifanya kazi za ushauri wa mazingira na maendeleo, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza kwa mpira wa kujitengenezea, yale majuala yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba ambayo kila mtoto wa Kenya ayajua. Hawakuwa na ligi, hawakuwa na refa, na uwanja wao ulikuwa umezungukwa na taka. Angeweza kuwanunulia mipira na kurudi zake nyumbani. Badala yake aliwawekea sharti: nitawasaidia kupata ligi, nanyi mtaufanyia mtaa wenu kitu. Ukifanya kitu, chama kitakufanyia kitu. Usipofanya, chama nacho hakifanyi. Hapo ndipo ulipotoka Muungano wa Michezo wa Vijana wa Mathare, unaojulikana zaidi kwa herufi zake, MYSA.

Sharti lile halikubaki maneno ya hotuba. Liliingizwa kwenye jedwali la ligi, na hapa naomba msomaji uwe nami taratibu kwa sababu ndipo penye siri yote. Timu ikishinda mechi inapata pointi tatu, kama kwengine kote duniani. Timu ikimaliza zoezi la kusafisha mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapata pointi sita. Zote zinaingia kwenye jedwali moja. Maana yake ni kwamba timu yaweza kuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote, ikawafunga wenzake wote, na bado ikaukosa ubingwa kwa sababu Jumamosi ya reki na mikokoteni walikuwa wamelala. Na timu ya watoto wasiojua mpira sana yaweza kupanda juu kwa jasho la mtaroni.

Fikiri kanuni hiyo inavyofanya kazi kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Hakuna aliyemhubiria uzalendo. Hakuna aliyempa shilingi mia. Anakwenda kuzoa taka kwa sababu timu ya mtaa wa pili imeshazoa, na wao wako mbele kwa pointi nne. Nahodha anapita mlango kwa mlango kuwaamsha wenzake, maana zoezi ni la timu nzima. Mama yake anayeuza sukuma wiki kando ya njia anaona mtaro ulio mbele ya meza yake umezibuliwa, na kwa mara ya kwanza anauona mpira kuwa jambo la maana. Kidogo kidogo mtoto anazoea kwamba heshima ya uwanjani na heshima ya mtaani ni kitu kimoja.

Kutoka Mathare harakati ikaenea Huruma, Kariobangi, Dandora, Eastleigh na Kayole. Kila kanda ikawa na viongozi wake waliochaguliwa na vijana wenyewe. Mwaka 1992 wasichana nao wakaingia kucheza, ingawa wazazi wengi hapo awali walikataa wakisema binti akienda uwanjani nani atapika na kulea wadogo zake. Mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliutunuku muungano huo tuzo yake ya Global 500, wakati wa mkutano mkubwa wa dunia wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro. Watoto wa mabondeni waliozoa taka wakatajwa jukwaa moja na wataalamu wa dunia nzima.

Baadaye yakaongezwa mengine. Ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu Eastlands, tangu mwaka 1994 wachezaji wakafundishwa kuwaelimisha wenzao. Wakaanza kuwasaidia watoto wanaookotwa mitaani na kufungiwa rumande. Pakawekwa tuzo za uongozi, ambapo kijana hukusanya alama kwa kazi zake za kujitolea, na tuzo yake ni karo inayolipwa shuleni moja kwa moja. Na mwaka 1994 hiyo hiyo ikaundwa timu ya wakubwa, Mathare United, ambayo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na kisha ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech, kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa, alipitia hapo. Wachezaji wa timu hiyo, pamoja na sifa zao, walitakiwa kutoa saa zao kila mwezi kuutumikia mtaa, kufundisha wadogo na kushiriki kazi za jamii. Nyota wa ligi kuu alionekana na reki mkononi. Hebu niambie, wa kwetu tumewaona wangapi?

Sasa, wako watakaosema hii ni fikra ya mzungu iliyoletwa kwa waafrika. Hoja hii yafaa ijibiwe kwa historia, na historia yenyewe ni tamu.

Klabu za huduma duniani huwa zinahesabiwa kuanzia Chicago, Marekani. Tarehe 23 Februari 1905 wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu wakaanzisha klabu waliyoiita Rotary, kwa sababu vikao vyake vilizunguka kutoka ofisi ya mwanachama mmoja hadi nyengine. Watu wale hawakukutana ili kuwahudumia maskini. Walikuwa wafanyabiashara wapweke katika jiji kubwa, wakitafuta marafiki wa kuaminika na, tuseme kweli, wateja. Huduma ilikuja baadaye. Mwaka 1907 klabu ile ilisimama kidete ili jiji la Chicago lijengewe vyoo vya umma. Vyoo, ndugu msomaji! Jumuiya ambayo leo imeenea duniani na imetumia mabilioni kupiga vita ugonjwa wa polio ilianza kazi ya jamii kwa jambo lile lile linalomhangaisha mkazi wa Mathare leo usiku. Miaka kumi baadaye, 1917, katika jiji hilo hilo, mtu wa bima aitwaye Melvin Jones akaanzisha Lions, ambao kwetu Kenya wanajulikana zaidi kwa matibabu ya macho.

Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930. Lakini Nairobi ya wakati huo ilikuwa imegawanywa kwa rangi: wazungu kwao, wahindi kwao, na waafrika wakasukumiwa mashariki ya mji. Klabu za namna hiyo zilikuwa za wenye nafasi, na kwa muda mrefu zilimtazama mtu wa Eastlands kama wa kuhudumiwa, si wa kuhudumu. Hata wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa Rotary mpaka kesi ilipofika mahakama ya juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1987. Sadfa iliyoje: mwaka ule ule ambapo klabu kongwe ililazimishwa kufungua mlango, watoto wa Mathare walikuwa wakiifungua ya kwao.

Na Eastlands yenyewe haikungoja Rotary. Twende Pumwani, mtaa tunaoujua watu wa Pwani kwa sababu una damu yetu. Serikali ya kikoloni iliupima mwanzoni mwa miaka ya 1920 uwe makao ya waafrika mjini, na waliojenga Majengo ya pale walikuwemo Waislamu wengi, wanaume kwa wanawake, wakajenga nyumba za mtindo wetu, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Niliposoma diploma yangu Nairobi nilikaa kwa ami yangu huko Majengo, na lugha niliyoisikia barazani ilinifanya nisahau kwamba niko bara. Mgeni akifa pale, maiti haikungoja jamaa kutoka mbali. Palikuwa na watu wa kumwosha, kumkafini na kumswalia, na mchango ulishapita kabla ya kaburi kuchimbwa.

Desturi hiyo ilikuwa na vyama nyuma yake. Wazee wetu walikuwa na beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoanzia miji ya Pwani, Lamu na Mombasa, kisha ikapanda bara hadi Nairobi na kuvuka hadi Tanganyika na kwengineko. Mombasa tulikuwa na pande zilizoshindana vikali, Kingi na Scotchi. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake na michango yake, na chama kilimzika mwanachama, kilimuuguza mgonjwa na kumpokea msafiri. Wanawake nao walikuwa na lelemama, vyama vyenye nidhamu kali na ushindani mkali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya wanawake wa Mombasa waliotoka katika mazingira hayo wakaingia kwenye vyama vya elimu na maendeleo ya wanawake wa Kiislamu.

Kwa hivyo naona mambo matatu yanayofanana: wafanyabiashara wa Chicago, waungwana wa beni na watoto wa Mathare. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa huduma. Wote walianza kwa watu kupenda kukaa pamoja: kwa urafiki, kwa ngoma, kwa mpira. Huduma ikapandikizwa juu ya mapenzi yaliyokuwepo tayari, ikamea. Tofauti ni kwamba beni na lelemama mara nyengine ziliutumia moto wa ushindani kwenye fahari, nani kachinja ng'ombe wengi, nani kashona sare za ghali zaidi, mpaka mali za watu zikaungua. Mathare iliuchukua moto ule ule ikauweka chini ya chungu. Ushindani ulibaki mkali, ila kilichopikwa kikaliwa na mtaa mzima.

Ukishaliona hili, utaelewa kwa nini miradi mingi ya serikali ya kuwapa vijana kazi za usafi haidumu. Tulikuwa na Kazi kwa Vijana mwaka 2009. Tukaja kuwa na Kazi Mtaani mwaka 2020, wakati wa korona, na vijana wa Eastlands kama wa Mombasa wakavaa viakisi-mwanga na kushika mafyekeo. Mwaka 2024 ukaja ClimateWorX Mtaani wa kusafisha Mto Nairobi. Siibezi miradi hii. Kijana aliyepata posho akamnunulia mamake unga amefanya jambo, na kazi halali haina aibu. Lakini imejengwa kinyumenyume. Imeanza na ujira kabla ya kuwepo udugu. Wanaoitwa kazini wameorodheshwa kwa vitambulisho, wengi hawajuani, wala hawana kombe wanalolipigania. Bajeti ikikatika, kila mtu ashika njia yake, na wiki ya tatu mtaro umeziba.

Na mtaro kuziba si jambo la harufu tu. Mwezi wa Aprili 2024 mvua kubwa ilipopiga Nairobi, Mto Mathare ulifurika usiku, ukasomba nyumba na kuua watu. Kisha serikali ikaja kubomoa nyumba zilizobaki kandokando ya mto, na waliookoka maji wakajikuta hawana pa kulala. Sisemi kwamba watoto wenye reki wangeuzuia mto. Mafuriko yale yalikuwa na sababu nyingi, ikiwemo mipango mibovu ya mji na umaskini unaomfanya mtu ajenge penye hatari. Ila kila aliyekaa mabondeni ajua kwamba maji yasiyo na njia hujitafutia njia, na mara nyingi njia hiyo ni mlango wako. Watu wa Kisauni na Tudor ambao huingiliwa na maji kila masika hawahitaji kuelezwa.

Zipo hoja za kupinga, na mbili nzito lazima nizijibu.

Ya kwanza ni ya haki. Kwa nini mtoto maskini azoe taka ilhali kazi hiyo ina mwenyewe? Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Tunalipa kodi na ada. Mbona watoto wa Muthaiga na Nyali hawapewi reki? Hoja hii ina ukweli na yaniuma. Dandora jaa limekuwepo tangu miaka ya 1970, lilishatangazwa kujaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bado malori ya mji mzima yanamwaga pale, watoto wa Dandora na Korogocho wakivuta moshi wake. Mwenye kuwaambia watoto hao tatizo ni lenu la kujitolea atakuwa amewadhulumu mara mbili.

Lakini tazama pia upande wa pili. Anayekwenda ofisi ya wadi kudai lori, akiwa na ushahidi kwamba timu kumi na mbili zimekusanya taka na zimeziweka pahala pamoja tangu Jumamosi, ana sauti tofauti na anayekwenda kulalamika mikono mitupu. Ameshafanya sehemu yake. Afisa hana pa kujificha. Kujitolea kwa namna hiyo hakuiondolei kaunti jukumu, kunalianika mbele ya watu. Cha muhimu ni watu wazima wasiwaachie watoto kila kitu: glavu ziwepo, viatu viwepo, sindano na vigae viokotwe na wakubwa, na mtoto asiguse kinyesi kwa jina la pointi. Pepopunda haijui nia njema.

Hoja ya pili ni ya pesa. MYSA ilikua kwa msaada mkubwa wa wafadhili wa nje, hasa Norway. Mathare United nayo, pamoja na historia yake yote, miaka ya karibuni imepitia dhiki ya fedha na hata kuonja kushushwa daraja. Basi si ushahidi kwamba fikra hii haisimami yenyewe? Nadhani yafaa tutenganishe vitu viwili. Timu ya ligi kuu yataka mishahara, safari, hoteli na basi. Hiyo ni biashara na yaweza kufilisika kama biashara yoyote. Karo za tuzo na majengo pia yataka mfadhili. Lakini kanuni ya pointi sita haina gharama yoyote. Ni kalamu, karatasi na makubaliano. Mfadhili akiondoka, jedwali halihitaji visa. Kilichowaangusha wengi walioiga Mathare ni kuanza na mwisho: wakaandika pendekezo la msaada kwanza, wakanunua gari, wakafungua ofisi, ndipo wakatafuta watoto.

Sasa tuje kwetu. Mombasa si mji usio na historia ya klabu. Wazee wanaikumbuka Feisal, wanaikumbuka Mwenge, na namna mtaa mzima ulivyohama kwenda uwanjani. Leo tuna ligi za mitaani tele, na Ramadhani ikifika viwanja vinajaa mashindano ya usiku baada ya tarawehe. Vijana wapo, mapenzi yapo, ushindani upo kupita kiasi. Lakini pia tuna maskani ambazo mtoto akitoka uwanjani saa kumi na mbili anakaribishwa na muuza unga. Tuna makundi ya vijana wa mapanga ambayo yamewatia hofu watu wa Kisauni na Likoni kwa miaka. Ukiyachunguza makundi hayo utakuta yana kila kitu ambacho klabu inacho: jina, kiongozi, mpaka wa mtaa, kiapo cha kusaidiana, na heshima inayopatikana kwa ushindani. Kilichopotoka ni kinachohesabiwa kuwa pointi. Huko, anayeogopwa zaidi ndiye aliye juu ya jedwali.

Kwa sababu hiyo siuoni mpango wa Mathare kama mapambo ya hisani. Nauona kama ushindani wa kugombea vijana, na upande mwengine haulali.

Napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa waandalizi wa ligi, maimamu na wazee wa mitaa, si kwa wanasiasa.

Kwanza, ligi moja tu ikubali kuanza. Isiwe kaunti nzima; timu nane au kumi za wadi moja zatosha. Kabla ya mechi ya kwanza wakubaliane kwa maandishi kwamba usafi wa mtaa una pointi ndani ya jedwali lile lile, na ziwe nyingi kuliko za ushindi. Mkitoa cheti cha pembeni cha timu safi, mmepoteza. Hakuna mtoto anayelala akiota cheti.

Pili, awepo refa wa taka. Mathare yenyewe isingefika popote kama pointi zingetolewa kwa upendeleo. Achaguliwe mtu asiye na timu, ikiwezekana kutoka mtaa mwengine, akague kazi na kutia saini. Kina mama wenye biashara kandokando ya njia ndio mashahidi bora, maana wao ndio wanaojua mtaro uliziba lini na nani aliuzibua. Na lori la kubeba taka lipangwe na afisa wa kaunti kabla ya siku ya zoezi. Fungu la taka likikaa wiki nzima mvua ikalirudisha mtaroni, vijana hawatarudi.

Tatu, mabinti wapewe nafasi ya kweli. Najua hofu za wazazi wetu kuhusu mavazi, saa za kurudi na kuchanganyika, na si hofu za kudharauliwa. Lakini Mathare pia wazazi walikataa, na mlango ukapatikana. Muda waweza kutengwa, pahala paweza kutengwa, na binti asiyecheza anaweza kuwa mweka hazina, katibu au refa. Mama zao wa lelemama waliendesha vyama vikubwa kuliko hivi bila kumwomba mwanamume daftari.

Nne, mwanasiasa asikataliwe, awekewe sharti. Akileta jezi aambiwe: ahsante, lakini kwenye ligi hii kitu hakipokelewi bure. Siku ya zoezi ni Jumamosi saa moja asubuhi, njoo na reki. Akija, apewe heshima yake. Asipokuja, jezi zake zirudi na timu icheze na fulana za zamani. Najua wengi watacheka hapa. Lakini fikiri kijana wa miaka kumi na minane aliyemwona nahodha wake akirudisha jezi za bure kwa sababu kanuni ya ligi yasema hivyo. Mwaka 2027 akija mtu na noti ya mia mbili na panga la kukodi, kijana huyo atakuwa ameshawahi kumwona mtu akikataa.

Dini yetu imetuamrisha kushindana katika mambo ya kheri, na kumwondolea mpita njia udhia ni katika imani. Haya twayasikia kila Ijumaa mimbarini. Watoto wa Mathare, wengi wao si Waislamu na hawajakaa chini ya mimbari yoyote, waliyatia kwenye jedwali la ligi wakayafanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisi tuna mimbari, tuna viwanja, tuna madrasa kila kichochoro na vijana wasiojua la kufanya na Jumamosi yao.

Waandalizi wa ligi za Ramadhani wana miezi ya kutosha kukaa na kuandika kanuni moja mpya. Inaenea kwenye mstari mmoja wa karatasi: ushindi pointi tatu, mtaro pointi sita. Atakayeanza aniarifu kupitia ukurasa huu, nami nitakuja na reki yangu.